Maloba na Mtoto wa Saruji

Wenzangu wa kalamu, kuna maneno tunayapenda sana tukishakaa na chai: eti msanii aliyeshindwa ndiye huishia kuwa mwalimu. Mimi pia nimeyasema, tena kwa sauti. Sasa nimeitwa kufundisha darasa la tatu katika shule moja ndogo mtaani kwetu, na riwaya yangu bado iko kwenye daftari la pili. Ndiyo maana nataka tumkumbuke Gregory Maloba.

Maloba alizaliwa Mumias mwaka 1922. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa sanaa wa Bi Margaret Trowell pale Makerere. Akaenda Uingereza kuongeza masomo, akarudi Makerere kufundisha uundaji wa sanamu. Katikati ya miaka ya 1960 akahamia Chuo Kikuu, Nairobi, kazi ikiwa ileile ya ualimu. Alifariki mwaka 2007. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya mtu huyu iliyokwenda darasani.

Je, ilipotea? Twendeni Kampala.

Ukishuka basi la Nairobi, mwambie kijana wa bodaboda akupeleke kwenye sanamu ya Uhuru. Atakufikisha. Mwulize nani aliiunda. Yule wangu alicheka tu, akadai nauli yake. Sanamu ni ya saruji, ndefu, imesimama pale tangu mwaka 1962, na picha yake imetiwa hata kwenye noti za Uganda. Mzazi amemwinua mtoto, na mtoto ametupa mikono juu. Wako wanaomwona mzazi huyo kuwa mama, wako wanaomwona baba. Ubishi huo sikuutaka. Mimi niliangalia miguu.

Miguu imefungwa. Mzazi amezongwa mikanda kama mateka. Maelezo ya kawaida ni kwamba mzazi ni nchi iliyofungwa na ukoloni, na mtoto ni taifa jipya. Sawa, sipingi. Tena kumbuka kwamba serikali ya kikoloni ndiyo iliyoagiza kazi hiyo ikiwa mlangoni inatoka, na Maloba akaionyesha vifungo vyake palepale. Lakini maelezo hayo yanaishia njiani. Mbona mzazi hakujinasua kwanza yeye? Mikono anayo. Angeinama akaivuta ile mikanda. Mikono hiyo ameitumia kumwinua mtoto.

Mwanzoni niliona kasoro: mwili wa mzazi umekaa kama nguzo, uhai wote kapewa mtoto. Nilipoizunguka mara ya pili nikajicheka. Mzazi akianza kucheza naye, mtoto ataanguka!

Na aliyeiunda alikuwa mwalimu, yuko kazini Makerere. Hapo walipita vijana kama Elimo Njau, ambaye mwaka 1965 alishirikiana na wenzake kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, mahali ambapo wasanii wengine nao walipata pa kuonyesha kazi zao. Sisi tunaolalamika kwamba hatuna wakubwa wa kutushika mkono, tujiulize pia tumemshika nani.

Sisemi kufundisha hakuli muda, tusidanganyane. Pengine ziko sanamu ambazo Maloba hakuziunda kwa sababu kengele ililia na wanafunzi wakawa wanamngoja. Hiyo ni hasara, na siwezi kuifanya faida kwa maneno matamu. Ila yule aliyejaa kazi za wanafunzi ndiye aliyeacha sanamu ambayo hata dereva wa bodaboda anaijua njia. Basi ule msemo wetu wa kwenye chai ni uongo, na mimi naufuta.

Jumatatu naanza kazi. Daftari la riwaya nakwenda nalo.