Uzio wa Newport: Siku Moja ya Jazi na Roki

Ugomvi huu mnaujua. Siku ya sikukuu ya parokia wazee wanataka ngoma na nyimbo walizozizoea, na vijana wanaleta magitari na vipaza sauti. Mzee anaziba masikio na kusema: "Huu si muziki, ni makelele, tena ndiyo yanayoharibu watoto." Kijana anajibu moyoni mwake: "Muziki wenu umelala." Mara nyingi mambo huishia hapo, wala hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Ugomvi huo si wetu peke yetu. Mwaka 1969 ulitokea mbele ya maelfu ya watu huko Newport, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Twende tukae pale siku moja, tusikilize kwanza, kisha tuhukumu.

Sikukuu ya jazi ya Newport ilianzishwa mwaka 1954, naye aliyeiongoza ni George Wein, mpiga piano. Kila mwaka wakati wa joto mabingwa wa jazi walikusanyika pale. Lakini mwaka 1969 Wein aliita pia bendi za roki. Si zile za kuchezesha watu tu. Wengi wao walikuwa vijana waliochoka na nyimbo fupi za dakika tatu, wakatafuta njia mbele: nyimbo ndefu, filimbi, tarumbeta, na mambo waliyojifunza kwa watu wa jazi.

Siku yetu nitaihesabu kwa desturi ya zamani ya Waswahili, tangu jua kuchwa hata jua kuchwa tena: toka Ijumaa jioni, tarehe 4 Julai, hata Jumamosi jioni.

Usiku ule wa Ijumaa walipiga Jethro Tull na Ten Years After kutoka Uingereza, pia Jeff Beck, na Blood, Sweat & Tears wa Marekani, ambao walitia tarumbeta na saksofoni za jazi ndani ya roki. Katikati yao alikuwapo mtu wa jazi, Roland Kirk. Huyu alipofuka macho tangu utoto. Aliweza kupuliza saksofoni tatu kwa mara moja, na alipopuliza filimbi aliimba ndani yake, hata sauti ya mtu na sauti ya filimbi zikawa kitu kimoja.

Basi sikilizeni. Ian Anderson wa Jethro Tull alikuwa ameanza kupuliza filimbi muda mfupi tu kabla ya hapo, naye alipuliza akiguna na kuimba ndani yake kama Kirk. Mwaka 1968 bendi yake ilitia katika sahani yao ya kwanza wimbo wa Kirk wenyewe, ule wa ndege kekeo, ambao Kirk aliurekodi mwaka 1964. Mwenye kuzipata sahani hizo mbili azipige moja baada ya nyingine. Kirk anacheza na wimbo kama mtu mzima anayecheza na mtoto wake, kwa upole na kicheko, wala hakosi hatua. Anderson anakwenda kwa uangalifu, kama mwanafunzi anayesoma kwa kidole. Hamfikii mwalimu wake. Lakini hakuiba, kwa maana jina la Kirk limeandikwa pale kama mwenye wimbo. Na sasa, usiku mmoja, mwalimu na mwanafunzi walisimama juu ya jukwaa moja. Je, hiyo ni kuharibu? Mimi naiita heshima.

Jumamosi mchana alipiga John Mayall wa Uingereza, kisha Mothers of Invention wa Frank Zappa walikuwamo pia, na Miles Davis, mpiga tarumbeta mkubwa wa jazi. Hapa ndipo hukumu za haraka zinapoaibika. Tungetazamia kelele itoke kwa Mayall na utulivu kwa Davis. Kumbe wakati ule bendi ya Mayall haikuwa na mpiga ngoma hata mmoja! Walipiga gitari, besi, filimbi na saksofoni, pamoja na kinanda cha mdomoni, polepole, kama watu wanaozungumza jioni. Naye Davis ndiye aliyekuja na moto.

Muziki wa Davis wa mchana ule ulitolewa kwa sahani mwaka 2011, hivi kwamba hatuhitaji kuamini maneno ya watu. Mpiga saksofoni wake, Wayne Shorter, alikwama njiani katika msongamano wa motokaa, hakufika kwa wakati. Wakabaki wanne: Davis, Chick Corea kwa piano ya umeme, Dave Holland kwa besi, na Jack DeJohnette kwa ngoma. Walipiga nyimbo tatu zilizounganishwa, wote hazifiki nusu saa. Piano inagonga kama chuma, ngoma haitulii, na tarumbeta inapita juu yake peke yake. Nisiwafiche: mara ya kwanza nilichoka. Pengo la Shorter linasikika, maana Davis hana wa kumjibu. Lakini mara ya tatu nilitambua kwamba Corea na DeJohnette ndio wanaomjibu, na kwamba ukali ule una mpango ndani yake. Wiki sita baadaye, tarehe 19 hata 21 Agosti, Davis aliingia studio New York na kutengeneza sahani iliyobadili njia ya jazi. Mzee huyu hakuwafukuza vijana, wala hakuwaigiza tu. Alichukua umeme wao, akaufanyia kazi yake.

Jua likachwa. Jumamosi usiku, wakati wa Sly and the Family Stone, watu wa nje waliokosa nafasi walivunja uzio na kuingia kwa nguvu. Ilikuwa fujo. Baada ya hapo baraza la mji lilikataza roki katika sikukuu ile.

Sisemi wenye mji hawakuwa na haki ya kuogopa. Mwenye nyumba huulinda mlango wake. Tena mwaka 1970, bila roki, wakamsherehekea Louis Armstrong kwa amani. Lakini je, mwenye kosa ni roki? Mwaka 1960 vijana walevi walifanya fujo kubwa mjini Newport, na wakati ule hakukuwa na bendi hata moja ya roki. Mwaka 1971 uzio ulivunjwa tena, naye aliyekuwa jukwaani ni Dionne Warwick, mwimbaji mpole, akiimba juu ya mapendo. Safari hiyo sikukuu ilifungwa, mwaka 1972 ikahamia New York, wala haikurudi Newport hata mwaka 1981. Uzio ulianguka kwa jazi, kwa roki, na kwa wimbo wa mapendo. Nafasi ilikuwa ndogo, watu wengi, pombe nyingi. Gitari ilibeba mzigo usiokuwa wake peke yake.

Ndugu, mambo haya hayako mbali nasi. Armstrong yule alipiga tarumbeta yake Léopoldville na Elisabethville mwaka 1960. James Brown na B.B. King, waliokuwa Newport siku ya Jumapili, tarehe 6 Julai 1969, walifika Kinshasa mwaka 1974, na baba zetu wakawashangilia.

Basi sikukuu ikikaribia, wenye kamati wahesabu viti, wapange saa, wazuie pombe mlangoni. Hiyo ni kazi ya uzio. Kazi ya muziki tuipime kwa sikio. Mzee asikilize mara tatu kabla ya kusema ni makelele. Naye kijana amtaje kwa jina yule aliyemfundisha. Ukivunjika uzio, tumtafute aliyeuvunja, tusiipige ngoma.