Ngamia wa 18

Baba anafariki, anaacha ngamia 17 na wasia: mwana mkubwa apate nusu, wa kati theluthi, mdogo tusui. Wana wanakwama, maana 17 haigawiki kwa 2, wala kwa 3, wala kwa 9, na hakuna aliye tayari kuchinja mnyama wa safari ili agawiwe nyama. Anapita mzee, anamwingiza ngamia wake kundini, wanakuwa 18. Mkubwa anachukua 9, wa kati 6, mdogo 2, na anayebaki ni yuleyule wa mzee, naye anampanda na kwenda zake.

Tuanze na mahali siri ilipofichwa. Msikilizaji humkodolea macho mzee kwa kuwa ndiye anayetenda, ilhali mambo yote yamekwisha kuamuliwa katika sentensi ya wasia. Nusu, theluthi na tusui zikijumlishwa hazifikii moja kamili. Zinafikia 17/18 tu. Marehemu ameacha 1/18 ya mali yake bila mwenyewe, na msimulizi ameyatamka hayo mbele ya hadhira nzima bila mtu kushtuka. Mbinu hii naiita maficho ya wazi: katika vichekesho vingi ukweli hucheleweshwa hadi mwisho, lakini hapa umetangulizwa, ila katika umbo ambalo sikio haliwezi kulijumlisha.

Ndiyo maana uteuzi wa sehemu ni jambo la ufundi mkubwa. Ukitafuta sehemu tatu tofauti, zote zenye kiasi cha 1, zinazokiwezesha kisa kusimama kwa ngamia mmoja wa kuazima, utapata seti 7 tu. Nusu, robo na thumuni kwa ngamia 7 ni seti nyepesi kuliko zote, na kwa hiyo ni dhaifu: aliyewahi kukata mkate nusu kwa nusu anajua papo hapo kwamba thumuni nyingine imebaki. Nusu, theluthi na subui kwa ngamia 41 inaficha vizuri, lakini kundi hilo ni kubwa mno kwa jicho la akili, na hadhira huchoka kabla ya mzee kufika. Kundi la 17 linaonekana lote kwa mara moja. Namba yenyewe ni tasa, kwa hiyo kukwama kwa wana hakuhitaji maelezo. Na tusui, sehemu ambayo watu hawaitumii sokoni wala jikoni, inafunika pengo barabara.

Msomaji aliyesoma mirathi atakuwa amekwisha kukunja uso. Mafungu yaliyotajwa katika Qur'ani ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Tusui haimo, na wana watatu wa kiume hugawana sawa. Hata hivyo mafakihi wanaujua vyema msingi wa kisa hiki. Mafungu yakipungua moja kamili na pasiwe na wa kuchukua baki, baki hilo hurudishwa kwa wenye mafungu kwa uwiano wao, nayo huitwa raddi (mume au mke, kwa wanazuoni wengi, hahusiki). Yakizidi, kila fungu hupunguzwa kwa uwiano, nayo huitwa auli. Mfano mashuhuri wa auli ni suala la Mimbari: mke, mabinti wawili, baba na mama, ambao mafungu yao yanajumlika kuwa 27/24. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa suala hilo akiwa juu ya mimbari, akajibu bila kusita kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, kisha akaendelea na hotuba. Hesabu inakubali: 3/24 imegeuka 3/27. Mzee wetu anatenda kinyume chake, yaani raddi, ila anaitenda kwa mnyama badala ya kuinena.

Sasa tazama kila mwana anaongezewa nini. Mkubwa alistahili ngamia 8 na nusu, akapata 9. Ziada yake ni nusu. Wa kati alistahili 5 na theluthi mbili, akapata 6. Ziada yake ni theluthi. Mdogo alistahili 1 na 8/9, akapata 2. Ziada yake ni tusui. Kwa maneno mengine, wasia umetekelezwa mara ya pili, juu ya ngamia mmoja wa 18, na kwa sehemu zilezile. Sijui kichekesho kingine chenye ulinganifu kamili hivi, na kila anayekipenda kwa dhati nadhani hukipendea hapa, baada ya kicheko cha kwanza, kalamu ikiwa mkononi.

Mwalimu wa hisabati wa Brazili, Júlio César de Mello e Souza, aliyeandika kwa jina la Malba Tahan, alikisuka upya katika riwaya yake ya 1938 kwa ngamia 35. Wanaongezwa kuwa 36, wana wanapata 18, 12 na 4, jumla 34. Wanabaki wawili, mmoja anarudi kwa mwenyewe na mwingine anakuwa ujira wa mpiga hesabu. Ni toleo la werevu, kwa kuwa pengo la wasia, 35/18, karibu ngamia wawili wazima, linaonekana kwa macho. Lakini mgeni anaondoka na faida, na kicheko kinageuka sifa kwa mjanja. Kwa ngamia 17 mgeni anaondoka na kile alichokuja nacho, hivyo hakuna wa kushukiwa ila wasia wenyewe, na msikilizaji analazimika kuurudia na kuujumlisha.