Wimbo wa kufungia tamasha si mashindano ya mapafu

Katika shule zetu kumezuka imani kwamba wimbo wa mwisho wa tamasha la watoto hunoga kwa kelele. Ngoma zikazwe, watoto wapaze sauti, wazazi wainuke vitini, basi, kazi imekwisha. Nakataa. Ukumbi husisimka maneno yanaposikika, na maneno ya Kiswahili hayasikiki iwapo mahadhi yanayakanyaga.

Juzi niliketi na wazazi katika shule moja ya msingi hapa Kaaga, nje kidogo ya mji wa Meru. Kwaya ilifunga kwa wimbo wa usalama wa wanafunzi. Sauti tamu, mavazi nadhifu, kayamba imekolea. Lakini mahadhi yaliangusha shadda kwenye silabi ya pili ya neno 'barabara'. Msomaji, baraBAra ni njia ya magari. BaRAbara ni sawasawa. Yaani watoto wale walituonya, tena kwa furaha, tusicheze kwenye sawasawa!

Si kosa la watoto. Shadda ya Kiswahili kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: waTOto, muZIki. Ukiongeza kiambishi tamati, nayo huhama: SHUle huwa shuLEni. Mtunzi anayeweka 'shule' katika ubeti wa kwanza na 'shuleni' katika wa pili bila kugusa mahadhi amejitegea mtego.

Mazoea haya yana historia. Wamishonari wa Kimethodisti waliofungua kituo hapa Kaaga mapema karne ya 20 walikuja na tenzi za kwao. Mishororo mingi ya tenzi za Kiingereza huishia kwa silabi nzito. Ya Kiswahili huishia kwa nyepesi. Tafsiri zikabanwa mle mle, masikio yetu yakazoea 'watoTO', tukadhani ndio uimbaji wenyewe.

Linganisha na wimbo wetu wa taifa. Mwaka 1963, jopo la wanamuziki watano liliutunga kwa mahadhi ya bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Kisabaki, na mahadhi yale hayakugombana na shadda ya maneno mapya. Wimbo wa kumlaza mtoto ukawa wa kuinua taifa zima, bila mtu kupiga mayowe.

Basi mwalimu, kabla ya kugusa kinanda, yatamke maneno huku ukipiga makofi. Kofi likiangukia shadda, endelea. Lisipoangukia, badilisha neno au mahadhi. Kibwagizo kiwe kifupi, na sauti ya kuvutwa iwe kwenye silabi yenye shadda, hasa ya irabu 'a', kama saLAma, ambayo mtoto huivuta bila kukaza koo. Mtoto mmoja aongoze beti, wenzake waitikie. Kabla ya kibwagizo cha mwisho, ngoma zinyamaze kidogo. Wazazi watakidaka wenyewe.

Nanyi waamuzi, msiishie kusifu miondoko na mavazi. Watoto wengi hapa huanza kwa Kimeru nyumbani, na wimbo walioufanyia mazoezi muhula mzima ndio somo la matamshi watakalolikumbuka hata uzeeni. Insha wataisahau. Toeni alama kwa neno lililotamkwa sawasawa: baRAbara, naam.