Anwani, Kitambulishi na Kipaumbele: Uhakiki wa Istilahi za Ujumbe katika Mitandao ya Viwandani

Istilahi ya kiufundi hupimwa kwa kazi inayoifanya mikononi mwa fundi, si kwa ufasaha wake kamusini pekee. Kigezo hicho kinadhihirisha udhaifu wa kuita anwani kila namba inayotangulia ujumbe katika mitandao inayounganisha vihisio, mota na vidhibiti vya mitambo.

Katika Modbus, itifaki iliyotolewa mwaka 1979, neno hilo linafaa. Ujumbe unaosafiri katika waya wa mfululizo huanza na namba ya kifaa kinachoulizwa, kati ya 1 na 247. Hufuata msimbo wa kazi, data na biti za kuhakiki makosa. Hiyo ni barua yenye jina la mpokeaji juu ya bahasha.

CAN, iliyotangazwa na kampuni ya Bosch mwaka 1986, ina mantiki nyingine. Fremu yake ya msingi hubeba kitambulishi cha biti 11 na data isiyozidi baiti 8. Kitambulishi hicho hakimtaji mpokeaji wala mtumaji. Hutaja kilichomo, mathalani joto la mota. Nodi zote husikia, na inayohusika huchukua. Huu ni utaratibu wa mbiu ya mgambo: ikilia kuna jambo, na kila asikiaye hupima kama linamhusu.

Namba hiyo pia ni cheo. Nodi mbili zikianza kutuma kwa pamoja, biti 0 huishinda biti 1. Nodi iliyotuma 1 na kusoma 0 hunyamaza, na ujumbe wenye namba ndogo huendelea bila kuharibika. Neno anwani halidokezi utangulizi wowote. Fundi aliyelelewa nalo anaweza kuupa ujumbe wa dharura namba kubwa, nao ukasubiri nyuma ya taarifa za kawaida mtandao unapolemewa.

Huenda ikapingwa kwamba CANopen hugawa biti hizo 11: 4 za kazi na 7 za namba ya nodi. Hata hivyo, kwa mpangilio wake wa awali, nodi ya 5 hutuma dharura kwa 133 na data yake ya kwanza ya mchakato kwa 389, lakini hupokea data ya aina hiyo kwa 517. Ile 5 imo katika zote tatu, mara ikimtaja mtumaji, mara mpokeaji. Isitoshe, ugawaji huo ni mapatano ya tabaka la juu, si sifa ya CAN yenyewe.

Yafaa basi anwani ibaki kwa Modbus, namba ya nodi itumike kwa kifaa, na kitambulishi cha ujumbe kwa kinachotangazwa. Kitambulisho kiepukwe, kwa kuwa msemaji wa kawaida hukihusisha na kadi ya mtu. Vyombo vya usanifishaji kama BAKITA na KAKAMA vikipokea orodha tupu ya maneno, tofauti hizi hazitaonekana. Kila istilahi iwasilishwe pamoja na mchoro wa fremu, ili mtaala na mtambo viseme lugha moja.