Askari anayejicheka: picha za Bill Mauldin na desturi ya utani

Katika Lubumbashi ya miaka 1970 nyumba nyingi zilikuwa na picha ya *Colonie belge* ukutani. Ndani yake askari wa Force publique anainua fimbo, mufungwa amelala chini, na mukubwa wa Kizungu anatazama. Picha za namna ile ziliitwa ukumbusho. Lakini ule askari tunamuona kwa inje tu: hatujui miguu ilimuuma namna gani, wala alicheka nini na wenzake usiku. Ndiyo sababu ninapenda tutazame kazi ya askari mumoja aliyechora vita kwa ndani.

Bill Mauldin alizaliwa mwaka 1921 kule New Mexico, Marekani. Mwaka 1943 alifika Sicily pamoja na kikosi chake, kisha Italia. Alichora katika magazeti ya askari wenyewe, mwisho katika *Stars and Stripes*. Watu wake wawili, Willie na Joe, hawakunyoa ndevu, wamejaa matope, macho yanalala wakingali wamesimama. Mu picha moja mutu anamupa Willie medali, yeye anaomba vidonge vya kichwa, sababu medali anayo tayari. Mu ingine maofisa wawili wanasifu uzuri wa milima, na mumoja anauliza kama askari wadogo nao wamewekewa milima yao. Na ile ninayopenda kupita zote haina neno hata moja: askari muzee wa farasi anafunika macho kwa mukono, anapiga risasi jeep yake iliyovunjika, kama vile mutu anavyomumaliza farasi wake mugonjwa. Unacheka, kisha unanyamaza.

Jenerali Patton hakucheka. Mwaka 1945 alimuita Mauldin na kumukaripia: picha zile zinaharibu heshima ya jeshi. Lakini picha ziliendelea kutoka, na mwaka ule ule Mauldin alipata zawadi ya Pulitzer, akiwa na miaka 23.

Mimi ninazipima kwa desturi yetu. Wabemba wana banungwe, ni kusema koo zinazotaniana. Munungwe anakutukana kwa mchezo, na unapofiwa ni yeye anayekuja kuzika. Kwa hiyo utani una sheria mbili: unayemucheka anaweza kukujibu, na unayecheka naye unabeba kilio chake. Mauldin anashika sheria zote mbili. Anacheka wakubwa, wenye nguvu ya kujibu. Na matope anayoyacheka alilala ndani yake. Lakini huku Kivu tumeona mutu wa bunduki akimucheka mama anayekimbia na godoro kichwani. Ule hawezi kujibu. Ile si utani hata kidogo, ni kumupiga mara ya pili.

Kuna upungufu pia. Willie na Joe hakuna hata mumoja aliye mweusi. Wakati ule jeshi la Marekani lilitenga weusi na weupe, na kikosi cha 92 cha weusi kilipigana vilevile Italia. Mwenye kujua vita kwa Willie na Joe peke yao atasahau wale.

Na sisi je? Askari wa Force publique waliingia Tabora mwaka 1916. Wengine walipanda milima ya Ethiopia mpaka Saio mwaka 1941. Waliporudi walichekesha wajukuu kwa habari za baridi, viatu na chakula. Wazee wale wamekwisha kwenda, lakini waliowasikiliza wangali kwetu. Vijana wenye kujua kuchora, muende mukae nao. Ukutani tumeweka askari mwenye fimbo, na ni haki akae pale. Lakini pembeni yake panabaki nafasi ya babu aliyevua kiatu, anacheka kidonda chake.