Ubao Mdogo wa Dakika 11

Chukua kalamu uandike hivi: "Watoto 100 wa kasa wanatoka mchangani na kukimbilia baharini." Umemaliza, na chai yako bado ya moto. Lakini kama sentensi hiyo ni ya mswada wa filamu ya katuni, umeshawatwisha watu wengine kazi kubwa. Kasa 100, kila mmoja na mapezi 4, kila pezi na mwendo wake, kila mwili na kivuli chake mchangani. Televisheni ya Uingereza huonyesha picha 25 kwa sekunde. Kipande cha sekunde 10 kina picha 250, na ndani ya kila picha kuna kasa 100 wanaosubiri mtu awasogeze.

Kwa sababu hiyo ninawastahi sana waandishi wa miswada mifupi ya katuni. Naishi London, mji ambao kazi hii imefanywa kwa vizazi kadhaa, na kadiri ninavyozitazama filamu zao ndivyo ninavyoona kwamba sehemu kubwa ya ufundi wao imo katika yale waliyoamua kutoyaandika. Mtazamaji hawezi kuyaona hayo. Wanayajua wachoraji, wanaoupokea mswada na kuhema kwa nafuu.

Mfano ulio karibu nasi ni Tinga Tinga Tales. Mfululizo huo ulibuniwa na Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya London, ambaye kabla ya hapo alitayarisha Charlie and Lola. Michoro ilipewa mwendo Nairobi, katika studio ya Homeboyz. Wimbo wa kufungulia ni wa Eric Wainaina. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza wakaanza kuutazama kupitia CBeebies, idhaa ya BBC ya watoto wadogo. Hadithi zilikuwa 52, kila moja ya dakika 11, na kila moja ilijibu swali la aina ambayo bibi zetu wameulizwa tangu zamani: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini kiboko hana manyoya.

Dakika 11 ni sekunde 660. Zidisha kwa 25 upate picha 16,500. Zidisha tena kwa hadithi 52: picha 858,000. Si kila moja huchorwa upya, kwa maana kompyuta husaidia na michoro hurudiwa, lakini zote lazima zipite mbele ya jicho la mtu. Na hesabu ya kila hadithi inaanzia kwenye karatasi za mtu mmoja aliyeambiwa alete mswada wake kabla ya Ijumaa jioni.

Jina la mfululizo linatoka Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania, akaja mjini kutafuta maisha, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za wasanii wa vyuoni. Alichorea vibao vya mraba vya kiwandani, kwa rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli. Kibao kidogo hakikumruhusu kuchora mbuga nzima, kwa hiyo alichora mnyama mmoja aliyekijaza kibao pembe hadi pembe: chui, ndege au nyati. Nyuma yake aliweka rangi tupu, na juu ya mwili madoa yaliyopangwa kwa mkono usiotetemeka. Aliuawa mwaka 1972, baada ya miaka 4 tu ya kuchora, lakini wanafunzi wake waliuendeleza mtindo huo, na leo unajulikana dunia nzima kwa jina lake.

Kila nikikumbuka vile vibao, nauelewa vizuri zaidi mswada wa katuni. Dakika 11 ni kibao cha mraba. Mwandishi hawezi kuingiza mbuga nzima, kwa hiyo huchagua mnyama mmoja, kasoro moja na swali moja, kisha huvijaza pembe hadi pembe. Washairi wetu wa pwani wangemwelewa bila maelezo. Anayetunga mshororo wa mizani 16, wenye kina cha kati na kina cha mwisho, anajua kwamba mpaka ndio unaomlazimisha kutafuta neno ambalo asingelitafuta kama angekuwa na uwanja mpana.

Muda nao ni mpaka, tena mkali. Kinachotawala ratiba ni siku ya kurekodi sauti, kwa sababu katika katuni za mazungumzo sauti hutangulia picha. Waigizaji husoma maneno yao kwanza, kisha mhuishaji huufungua na kuufunga mdomo wa mnyama akiifuata sauti hiyo. Studio imeshakodiwa na waigizaji wameshapangiwa saa zao. Mswada usipofika Ijumaa, Jumatatu hakuna cha kurekodi, na baadaye meza za wachoraji zinakaa bila kazi. Mwandishi wa riwaya akichelewa, kwa kawaida huchelewa peke yake. Mwandishi wa katuni akichelewa, msururu mzima wa watu husimama nyuma yake, na baadhi yao wako nchi nyingine kabisa.

Kinachonivutia ni utulivu wake ndani ya mbio hizo. Mwandishi mzoefu akipewa wiki moja, hakimbilii mazungumzo. Huanza na sentensi moja: nani anataka nini, na nini kitamzuia. Sentensi hiyo ikiwa dhaifu, hairembi. Huitupa na kuandika nyingine. Kisha huandika muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili, tukio baada ya tukio, bila mhusika yeyote kusema neno. Hapo ndipo jasho linapomtoka. Muhtasari ukisimama, kurasa 15 hivi za mswada huja kwa kasi inayowashangaza wasiomjua, maana hadithi imeshajengwa na kilichobaki ni kuwaachia wahusika waseme.

Rasimu hurudi na maoni ya mhariri wa miswada, ya mtayarishaji, ya kituo cha televisheni. Mmoja anasema mwisho hauna nguvu. Mwandishi mchanga huenda kuurekebisha mwisho. Mzoefu hurudi ukurasa wa 3, kwa sababu anajua kwamba mwisho mara nyingi huugua ugonjwa uliopandwa mwanzoni: hatukuonyeshwa mapema kile ambacho mhusika angepoteza. Anabadilisha mistari miwili pale, na mwisho unapona bila kuguswa. Uwezo huo wa kupapasa hadithi na kujua panapouma, saa 5 usiku, huku asubuhi inasubiriwa, ninauheshimu kama ninavyouheshimu mkono wa mkunga.

London imewalea mafundi wa namna hii kwa muda mrefu. Joy Batchelor na mumewe John Halas walianzisha studio yao hapa mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Katika miaka ya vita walitengeneza filamu fupi zinazokaribia 70, nyingi kwa ajili ya serikali, zikiwaeleza wananchi mambo ya lazima: kuokoa taka zenye manufaa, kulima chakula, kujiandaa kwa nyakati ngumu. Dustbin Parade ya mwaka 1942 iliwapa uhai vitu vilivyotupwa jalalani, vikajitokeza kwenda kulitumikia taifa. Fikiria agizo lenyewe: mfanye mwananchi aliyechoka, ambaye usiku hakulala kwa king'ora, akumbuke kutotupa kopo. Una dakika chache, na filamu inatakiwa upesi. Batchelor alikuwa mwandishi na mchoraji kwa pamoja, na nadhani hilo lilimsaidia: aliyeandika sentensi ndiye aliyejua gharama yake mkononi.

Mwaka 1965 BBC ilianza kuonyesha katuni ya Kifaransa ya Serge Danot iliyopewa jina la The Magic Roundabout, dakika 5 tu kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Eric Thompson, aliyepewa kazi ya maneno ya Kiingereza, hakutafsiri mswada wa Kifaransa. Alizitazama picha akatunga hadithi nyingine kabisa ya kuzifuata, kisha akaisimulia mwenyewe. Kwa kawaida mwandishi huweka neno, picha ikamfuata. Yeye alipewa picha zisizobadilika, akalazimika kusoma mtikiso wa kichwa cha mbwa na kujua mbwa huyo angekuwa na tabia gani. Kipindi cha watoto kikawa mazungumzo ya watu wazima waliokaa wakisubiri habari.

Na yuko dada yetu, Ng'endo Mukii wa Kenya, aliyesomea uhuishaji katika chuo cha Royal College of Art hapa London. Filamu yake ya kuhitimu, Yellow Fever ya mwaka 2012, ni ya dakika 7 hivi. Inazungumzia wanawake wa kwetu wanaojichubua na chanzo cha maumivu hayo, na ndani yake inasikika sauti ya mtoto, mpwa wake mwenyewe, akieleza anavyouona mwili wake. Kuandika kwa namna hiyo ni kuchagua: unarekodi mazungumzo ya kweli, kisha unakata mpaka ibaki sentensi ambayo mtazamaji hataweza kuikwepa. Miaka 11 baadaye Mukii aliongoza Enkai, mojawapo ya filamu 10 za mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotolewa na Disney mwaka 2023. Ufundi ulionolewa katika dakika zile chache haukupotea.

Kutazama tu hakukunitosha. Nilitaka kuujua uzito wa kazi hii mkononi mwangu, nikajipa zoezi jikoni kwangu: siku 3, mswada wa dakika 5, swali moja. Nilichagua swali la mtoto wa pwani: kwa nini kaa hutembea upande?

Siku ya kwanza nilipata sentensi yangu. Kaa alikuwa akitembea mbele kama wanyama wote, kifua mbele, asimwangalie aliye kando yake, mpaka usiku mmoja Mama Kasa akamwomba awafikishe wanawe baharini. Kiota cha kasa huwa na mayai kama 100, kwa hiyo niliiandika ile sentensi niliyoanzia makala hii, nikafurahi nayo. Kisha nikaihesabu picha kwa picha, nikaona aibu. Nikaifuta. Mahali pake nikaandika: mchanga unavimba hapa, pale, na pale, kisha kichwa kimoja kidogo kinachomoza. Mtazamaji angewaona wote 100, ilhali mchoraji angemchora mmoja.

Siku ya pili nilimpa Kaa maneno: "Ninyi watoto wa kasa, nifuateni, mimi nitawaongoza hadi baharini, lakini ni lazima niwaangalie ili msipotee." Maneno 15, yote ya kweli, na yote mzigo. Nilijiuliza mwandishi wa Tinga Tinga angefanyaje, kisha nikaanza kuondoa. Kaa anakwenda mbele, anageuka, mtoto mmoja ameachwa nyuma. Anamrudia. Anakwenda mbele tena, anageuka, mwingine amepotea njia. Mara ya tatu hageuki tena: anabaki amewaelekea wale watoto, na miguu yake inatafuta bahari yenyewe, kwa ubavu. Hapo nilimbakizia Kaa neno moja tu la kusema. Mtoto wa kasa anauliza kwa hofu kama Kaa bado yupo, na Kaa anajibu: "Nawaona."

Siku ya tatu ilipokwisha, mswada wangu ulikuwa bado na matundu. Mwandishi wa kweli angekuwa ameshaukabidhi na kuanza mwingine. Lakini nililipata nililokuwa nikilitafuta. Nilipomfuta kasa wa pili hadi wa 100, nilikuwa namfikiria mtu aliyeketi mbele ya kompyuta Nairobi, mgongo ukimuuma, ambaye sitakutana naye. Nilipolipunguza neno la 15, la 14, la 13, nilikuwa namfikiria mtoto wa miaka 4 ambaye anaelewa mguu unaosita zaidi ya anavyoelewa maelezo.

Mwandishi wa katuni huenda kwenye tarehe yake ya mwisho hivyo hivyo. Bahari iko mbele, usiku unakwisha, naye miguu inakwenda bila kusimama, huku uso wake umewaelekea wanaomfuata.