Tundu Lililojaa Nalo Huhesabiwa

Miradi ya vyoo Bwaise, jijini Kampala, huripotiwa kwa matundu: yamejengwa mangapi, yamegharimu kiasi gani. Takwimu hiyo ni rahisi kukusanya, na mfadhili huielewa hata akiwa Washington. Lakini kata ya Bwaise III imekaa kwenye bonde la mfereji wa Lubigi. Ukichimba kidogo tu unakuta maji, kwa hiyo choo huinuliwa juu ya ardhi na watu hupanda ngazi kukiingia. Shimo fupi hujaa upesi, na likishajaa, kwenye ripoti bado ni tundu.

Mwaka 2014 Shirika la Taifa la Maji na Majitaka (NWSC) lilizindua mtambo wa Lubigi, uliosanifiwa kupokea mita za ujazo 400 za tope la vyoo kwa siku, mbali na majitaka ya mabomba. Hapo kikapatikana kipimo kizito zaidi: tope lililofika langoni. KCCA, mamlaka ya jiji, kupitia kampeni ya Weyonje ikaongeza kituo cha simu na ufuatiliaji wa magari kwa GPS, ili ijulikane mzigo umetoka wapi.

Hapo pa "umetoka wapi" ndipo penye kazi. Jumla ya langoni inaweza kupanda mwaka mzima bila choo hata kimoja cha Bwaise kuguswa. Kololo, mtaa wa wenye uwezo, gari huegeshwa kando ya tangi la septiki, likanyonya maji mepesi na kuondoka. Vichochoro vya Bwaise haviliruhusu. Huko watapishaji hutumia Gulper, pampu ya mkono, na kabla ya kupampu huvua matambara na chupa kwa ndoana. Tope hubebwa kwa mapipa. Ya lita 200, matano ndiyo mita moja ya ujazo. Meneja anayepimwa kwa ujazo atapeleka magari Kololo, na sitamlaumu. Apimwe kwa kaya zilizohudumiwa, kata kwa kata.

Hata hivyo wapo wasiopiga simu kabisa: mvua ikinyesha, huzibua choo tope likaondoka na mafuriko. Hawa watanaswa kwa ukaguzi wa Februari na mwingine wa Juni, masika yakiisha. Choo kilichokuwa kimejaa, hakina risiti ya kutapishwa, na sasa kina nafasi, kiandikwe kwenye hesabu ya mfereji.